Kopi Moja Tu: Mwongozo kwa Anayehamia Kagugu

Kabla hujafungua mabegi, nenda kibanda cha kutolea kopi kilicho karibu nawe, utoe kopi kumi za kitambulisho, mbele na nyuma. Usitoe tano kwa kubana matumizi. Kesho kutwa utarudi. Ya kwanza ni ya mwenye nyumba, ya pili ya komisiyoneri aliyekutafutia hiyo nyumba, ya tatu ya kiongozi wa mtaa, na zilizobaki zitajitafutia wenyeji wake. Hakuna atakayekuambia anaitakia nini kopi yako, wala atakaa nayo mpaka lini. Ukiuliza utaonekana una jambo unaficha. Kwa hiyo somo la kwanza la mwongozo huu ni jepesi: usiulize.

Mimi nimeishi kwa kanuni hiyo miaka sita katika akagari (seli) haka ka Kagugu, umurenge (sekta) wa Kinyinya, wilaya ya Gasabo hapa Kigali, jirani na Gisozi na Gacuriro, mahali ambapo kila mwezi ghorofa jipya la kupangisha linachomoza na mpangaji mpya anaingia na bahasha yake ya kaki. Sikupata shida yoyote, mpaka siku ya mandazi.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Jambo jema, mitaro yetu inalishuhudia. Lakini tangu hapo kila kitu kidogo kinachouzwa njiani kinafungwa kwa karatasi, na karatasi haidondoki kutoka mbinguni. Asubuhi moja nilinunua mandazi manne kwa mama mmoja anayeuza pembeni ya barabara. Nilipofika nyumbani na kuifungua ile karatasi, nikakuta mafuta yamechora visiwa juu ya wasifu wa kijana mwombaji kazi. Jina kamili. Jina la baba na la mama. Mwaka na mahali alipozaliwa. Shule ya msingi, sekondari, chuo. Namba mbili za simu, na chini kabisa wadhamini watatu pamoja na namba zao. Kijana alijieleza kuwa ni mtu wa bidii, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Siku hiyo shinikizo lilikuwa la mandazi manne ya moto.

Nilirudi kumuuliza mama alikoipata. Akacheka. "Hizi tunanunua kwa kilo, mwanangu. Mimi sisomi, nafunga."

Jibu hilo lina uungwana kuliko mifumo mingi ninayoifahamu. Kosa si lake. Kuna ofisi mahali fulani, siijui na sitaki kuijua, iliyopokea bahasha ya kijana huyu, ikaajiri mtu mwingine, ikaiweka bahasha kabatini, ikaisahau kwa miaka, halafu siku moja mkubwa mpya akaingia akasema kabati lisafishwe. Walimtunza bila kumhitaji, wakamtupa bila kumwonea haya. Ukitaka kujua utunzaji wa kumbukumbu unavyokwenda hapa kwetu, huo ndio mzunguko wake mzima: kabatini bila sababu, barabarani bila taarifa.

Na usije ukadhani hakuna sheria. Ipo, tena nzuri. Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayohusu ulinzi wa taarifa binafsi na faragha, iliwapa wote wanaoshika taarifa za watu miaka miwili ya kujipanga, na muda huo ukaisha Oktoba 2023. Inasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Mtandao, ile NCSA. Kuhusu muda, sheria haisemi miezi mitatu wala miaka saba. Inasema taarifa ya mtu itunzwe mpaka lengo ambalo iliombewa litimie. Zipo ruhusa zake: sheria nyingine ikiagiza, mkataba ukidai, mwenyewe akiridhia, au ikihitajika kwa utafiti na historia. Zaidi ya hapo, ukishamaliza nayo, achana nayo. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya faranga milioni 2 hadi milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka ikiwa ni kampuni.

Sasa wewe mwenye busara umeshaona mwanya. Sheria inasema taarifa ife pamoja na lengo lake. Lakini lengo ambalo halikutajwa haliwezi kuisha. Ndiyo maana mpokeaji mzoefu wa kopi hatamki neno. Anaichukua, anaipiga stepula, anaiweka juu ya nyingine, anakwambia "sawa, asante". Hapo ameshika kitu kisicho na tarehe ya kufa.

Nikupeleke kwa komisiyoneri, maana huyu ndiye mtunza kumbukumbu mkuu wa Kagugu, ingawa hana ofisi. Ofisi yake ni pikipiki ya kukodi na simu yenye kioo kilichopasuka kona moja. Nilipokuwa natafuta nyumba ya vyumba vitatu, tulisimama kivulini akafungua picha za simu yake anionyeshe jiko la nyumba fulani. Akawa anapitisha kidole, na mimi macho yangu, Mungu anisamehe, yakawa yanafuata kidole. Harusi ya dada yake. Sebule yenye vigae vyeupe. Kitambulisho cha mwanamke mmoja, mbele. Kitambulisho hichohicho, nyuma. Bafu. Pasi ya kusafiria ya Mkongo. Mtoto wake akiwa na keki. Mkataba wa pango wenye sahihi nne na faranga zimeandikwa kwa maneno. Kitambulisho. Kitambulisho. Ng'ombe. Kitambulisho. Jiko lilipotokea nilikuwa nimeshafahamiana na nusu ya wapangaji wa mtaa.

Mwezi uliopita, baada ya mandazi, nilimwomba afute changu. Hakubisha hata kidogo, akakitafuta mbele yangu na kukifuta. "Tayari, bosi." Nikamuuliza na WhatsApp je? Akafungua WhatsApp, akafuta na huko. Na mwenye nyumba uliyemtumia? Huyo anacho. Na yule mwenye nyumba wa kwanza, ile tuliyoikosa? Na yeye. Na komisiyoneri mwenzako aliyeleta ile nyumba ya kwanza? Akanitazama kwa huruma, kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyeuliza swali ambalo jibu lake halitamsaidia. "Bosi," akasema, "wewe ulitafuta nyumba sana."

Kwa atakayetaka kuukaidi mwongozo huu, ipo dawa ndogo, na inagharimu wino tu. Ukitoa kopi, andika juu yake kwa kalamu, mshazari, katikati ya picha na namba: "Kwa mkataba wa nyumba tu", na tarehe. Kopi iliyoandikwa hivyo haimfai mtu mwingine kwa kazi nyingine, na hata ikifunga mandazi itafunga ikiwa imetaja lengo lake. Halafu piga *125# uone ni laini ngapi za simu zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta laini usiyoitambua, ujue mojawapo ya kopi zako imeanza maisha ya kujitegemea.

Tuje getini. Mlinzi wa Kigali anaitwa umuzamu, neno ambalo Kinyarwanda kimelichukua kwenye zamu yetu ya Kiswahili na hakina mpango wa kulirudisha. Daftari lake, kwa upande mwingine, linaitwa ikaye, na hilo ni la Wafaransa. Kwa hiyo zamu yetu na daftari la Wafaransa vinakutana getini kwako kila mgeni anapokuja: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, anakokwenda, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Saa ya kutoka huwa haijazwi. Kwa mujibu wa daftari la jengo letu, watu mia kadhaa waliingia humu na hawajatoka hadi leo.

Usidharau hiyo namba ya kitambulisho. Namba ya irangamuntu, yaani kitambulisho chetu cha taifa, ina tarakimu 16, na hazikubahatishwa. Ya kwanza inasema kama wewe ni raia au la. Nne zinazofuata ni mwaka wako wa kuzaliwa. Ya sita ni jinsia: 8 kwa mwanamume, 7 kwa mwanamke. Baada ya hapo ndipo zinaanza zile za kawaida za mpangilio. Maana yake ni kwamba mzee wa getini, ambaye hana kompyuta wala haihitaji, anasoma watu kama wengine wanavyosoma gazeti. Mwaka jana alikuja kunitembelea mama mmoja ambaye mimi na yeye tulikuwa tumekubaliana, kwa miezi miwili ya mazungumzo ya simu, kwamba ana miaka 35. Alipoondoka nilishuka kumsindikiza. Narudi, mzee ananiambia kwa upole, bila ubaya wowote, "Bosi, mgeni wako ni rika la mke wangu." Mke wa mzee ana wajukuu.

Kuna madaftari mengine ambayo hata mzee hajui yaliko. Ukumbuke mwaka 2020, wakati wa korona, kila mgahawa, kila saluni, kila kanisa lilikuwa na daftari mlangoni: jina, simu, joto la mwili. Sababu ilikuwa ya haki, watu watafutwe ikitokea mgonjwa. Ugonjwa wenyewe ulihitaji wiki mbili tu za kumbukumbu. Umesikia mtu yeyote akitangaza kwamba yale madaftari yameharibiwa? Mimi sijasikia. Pengine yamo stoo za migahawa iliyofungwa, na humo nimo, nyuzi 36.4, nikisubiri brosheti.

Hadi hapa utadhani sisi ni watu wa kutunza. Ngoja uone vile tunavyotakiwa kuvitunza.

Sheria ya kodi inamtaka mfanyabiashara atunze vitabu na hati zake kwa miaka 10, ikihesabiwa kuanzia Januari mosi inayofuata kipindi cha kodi husika. Miaka kumi, si utani: mtoto anazaliwa, anamaliza darasa la nne, na risiti yako ya mabati bado inatakiwa isomeke. Sasa shika mkononi risiti ya EBM, ile mashine ya kutolea risiti za kodi. Karatasi laini, nyepesi, haina wino kabisa. Maandishi yake yametokana na joto. Iweke droo ya kawaida na baada ya mwaka mmoja au miwili imepauka kama kanga iliyoanikwa juani. Iweke karibu na jiko na itageuka nyeusi yote. Rafiki yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Kagugu alizitunza zake ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya rafu, chini ya bati. Wahasibu walipozihitaji akamwaga kopo mezani: rundo la karatasi nyeupe safi, kama tiketi za bahati nasibu ambazo hakuna aliyeshinda. Mashine ya EBM ilikuwa imeshapeleka mauzo yake Mamlaka ya Mapato siku ileile, hayo yapo. Lakini ushahidi wake mwenyewe, wa mkononi, ulikuwa umeyeyuka. Na pembeni ya kopo, ukutani, ndani ya plastiki ngumu isiyoingia maji, palikuwa na kopi za vitambulisho vya wote waliowahi kukopa saruji kwake tangu afungue duka. Nilitafuta tarehe. Mmoja alikuwa amelipa deni lake na kufariki.

Basi, risiti ya kutunza itolee kopi siku ileile uliyoipokea, au ipige picha. Kopi ya kitambulisho cha mdeni aliyelipa, mrudishie.

Mwaka 2024 serikali ilianza kumrudishia mnunuzi wa mwisho asilimia 10 ya kodi ya ongezeko la thamani, akidai risiti na kutaja namba yake ya simu dukani. Ni mpango mzuri, umewafanya watu wadai risiti kwa sauti. Piga hesabu: umenunua kitu cha faranga 11,800, kodi humo ndani ni 1,800, zawadi yako ni 180. Kwa faranga 180, ambazo hapa kwetu hazifiki mandazi mawili, utataja namba yako mbele ya foleni nzima, tarakimu moja moja, kwa sauti ya kusikika, na aliye nyuma yako akikosa moja atakuomba urudie. Nairobi waliuza taarifa zao ghali zaidi. Mwaka 2023 walipanga foleni kwenye ukumbi wa mikutano wa KICC wapigwe picha ya mboni za macho na mradi wa Worldcoin, kwa sarafu za kidijitali zilizokaribia shilingi 7,000 za Kenya. Serikali yao ikasimamisha zoezi Agosti mwaka huohuo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe ndani ya siku saba, kamishna wa data akisimamia. Siku saba! Komisiyoneri wangu angehitaji zaidi, kwa sababu ingebidi kwanza akumbuke.

Hapa naomba niweke utani chini kidogo, maana nchi hii hairuhusu mtu acheke swali la taarifa kutunzwa mpaka lini bila kutazama nyuma.

Wabelgiji walipofanya sensa ya miaka ya 1933 na 1934, walitoa vitambulisho vyenye nafasi ya kuandika kama mtu ni Hutu, Tutsi au Twa. Taarifa hiyo iliombewa nini? Utawala wa kikoloni ulikuwa na sababu zake. Ukoloni ukaondoka mwaka 1962, ile nafasi ikabaki. Novemba 1990 rais wa wakati huo, Juvénal Habyarimana, alitangaza kwamba itaondolewa. Haikuondolewa. Aprili 1994 bado ilikuwa kwenye kila mfuko wa shati, na vizuizini barabarani ndiyo ilikuwa ya kwanza kusomwa. Leo haimo. Iliondolewa baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka huo, na ndiyo maana mtu mzima wa hapa akikuona unauliza "mtaitunza mpaka lini?" hakucheki kama atakavyokucheka kijana.

Na kilima cha pili kutoka kwangu ni Gisozi. Kituo cha Kumbukumbu ya mauaji hayo kilifunguliwa pale mwaka 2004, na hapo wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Wapo wasiojulikana majina. Kuna familia zilizopeleka pale picha moja, ile pekee iliyosalia, ya mtu wao, ili iwekwe mahali ambapo haitapotea. Mbele ya ukuta ule wa picha huwezi kumwambia mtu habari ya kufuta. Mahakama za Gacaca nazo, zile za wananchi zilizohukumu kesi za mauaji hayo, karibu 12,000 nchi nzima, zilisikiliza kesi karibu milioni 2 kabla ya kufungwa Juni 2012, na ziliacha kurasa zinazokadiriwa kufika milioni 60, zilizoandikwa kwa mkono, nyingine kwenye madaftari. Hizo zitunzwe, zipigwe picha, zisiguswe na panya. Lakini hata humo majina ya mashahidi yapo, na watoto wa walioungama wanasoma darasa moja na watoto wa waliofiwa. Nani afunguliwe daftari lipi, na baada ya miaka mingapi, ni swali ambalo sioni aibu kusema ni gumu kuliko la kopi zangu. Ninachojua ni kwamba karatasi ya Gisozi na kopi ya kitambulisho kwa muuza saruji si ndugu, ingawa zote mbili tunaziweka kwenye kabati moja la "huenda ikahitajika".

Turudi getini, maana huko ndiko nilikopata mtu pekee Kagugu mwenye ratiba ya kutunza na kuharibu kumbukumbu.

Wiki iliyopita mwenye nyumba alipiga simu akitaka kujua fundi wa bomba alikuja lini, kwa kuwa fundi anadai siku tatu na yeye anakumbuka mbili. Nikashuka kwa mzee. Ilikuwa jioni, mvua imekatika muda si mrefu, na yeye amekaa kwenye kigoda pembeni ya imbabura, jiko lake la mkaa, anachoma mahindi. Nikamwambia naomba ikaye ya mwezi wa nne.

"Ya mwezi wa nne imejaa, bosi."

"Najua. Iko wapi?"

Akageuza hindi. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri. Chini ya imbabura, kwenye majivu, nikaona ukingo wa karatasi wenye mistari ya bluu, na mwanzo wa namba ya mtu, 1198, halafu ukaisha.

"Ikijaa nawashia moto," akasema. "Mkaa wa siku hizi unalowa, hauwaki bila karatasi. Ningeiweka wapi?"

Nikafikiria kumweleza habari ya fundi, na siku tatu, na mwenye nyumba. Nikafikiria pia wasifu wa yule kijana, na komisiyoneri, na kopo la maziwa. Nikaketi. Akanivunjia nusu ya hindi, akaifunga kwa maganda yake ya kijani, si kwa karatasi, akanipa. Kisha akachukua daftari jipya, akalifungua ukurasa wa kwanza, akanikabidhi kalamu.

"Kwanza andika wewe, bosi. Jina na namba. Kwa kumbukumbu."